Kompyuta Iliyomfuta Mama

Kwetu mtu akikukosea unamwitia wazee. Mnakaa, mnasema, anatozwa faini yake, yanaisha. Sasa kompyuta utaiitia wazee gani? Ndiyo maana mimi ya kwangu sikuisamehe, na nasema mapema ili mtu asije akadhani naandika haya kwa moyo mweupe. Moyo wangu si mweupe hata kidogo. Mpaka leo nikisikia ule mlio wake wa kujiwasha, meno yananiuma.

Nina duka la steshenari Usa River, kando ya barabara ya Moshi. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, lakini kazi iliyonipa jina ni wasifu wa marehemu. Huku kwetu Meru mtu hazikwi hivi hivi. Lazima isomwe historia yake: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alioa nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Mchungaji anasubiri, watu wamejaa chini ya turubai, wametega masikio, maana kinachosomwa pale ndicho kinachobaki. Ukitajwa, wewe ni wa ukoo. Usipotajwa, hata ulie mpaka uzimie, watu wataulizana, huyu naye ni nani?

Mama yangu aliolewa na baba kimila. Mbuzi wakapelekwa, pombe ikanywewa, akahamia. Aliyekwenda kumchukua kwao ni shangazi yangu, dada yake baba, na walirudi kwa miguu mvua ikiwanyeshea njia nzima. Mwaka wa tatu, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, baba akafunga ndoa kanisani na mwanamke mwingine. Akamjengea nyumba ya tofali, na mama akabaki na mimi ng'ambo ya mfereji, hapohapo kijijini kwetu Kikwe. Hakufukuzwa. Aliachwa tu pale, kama jembe lililosahauliwa shambani. Nyumba ya tofali tukazoea kuiita nyumba kubwa, na ukikaa mlangoni kwa mama unaisikia redio yao. Miaka yote hiyo mama alikuwa akivuka kupeleka ndizi kwenye sherehe zao na kupika kwenye misiba yao, na sikumsikia hata siku moja akilalamika. Kazi ya kulalamika niliichukua mimi, tangu nina akili zangu.

Katika watu wa nyumba kubwa nilikuwa na mmoja tu niliyesikilizana naye, mdogo wangu wa kiume, wa pili kuzaliwa pale. Ni fundi wa kompyuta, alikuwa na fremu yake ya duka Sombetini, Arusha mjini. Huyo ndiye pekee aliyekuwa akivuka mfereji kuja kumwamkia mama. "Shikamoo mama mkubwa," anasema, na mama anaitikia, "Marahaba mwanangu," kwa sauti iliyoniudhi, maana ilikuwa na furaha mno. Kompyuta ya dukani ni yeye aliyeniletea. Aliiunga mwenyewe kwa vipuri alivyokusanya kidogo kidogo, akaja kuifunga siku nzima bila kula.

Mashine ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na tabia moja. Ujumbe ulikuwa unachomoza pembeni mwa skrini kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi: kuna apdeti, nijiwashe upya sasa au baadaye? Nami najibu baadaye. Kesho baadaye. Keshokutwa baadaye. Nani ana muda huo, wanafunzi wamejaa mpaka barabarani na kila mmoja anataka wa kwanza awe yeye? Halafu siku moja, bila hodi tena, pap! Imejizima, inajiwasha yenyewe, na ulichokuwa unaandika kimekwenda na maji.

Ilinifanyia hivyo mara tatu kabla ya msiba. Mara moja ilikula barua ya mwalimu aliyekuwa anaomba uhamisho, mara moja kadi za kipaimara, na mara ya tatu sikumbuki, nilikuwa sioni kwa hasira. Kila mara ni mchana, duka limejaa. Nilimpigia mdogo wangu, akasema, "Dada, ukiuona ujumbe ule, iache imalize kazi yake. Na usevu kila baada ya dakika mbili tatu." Kusevu nilikuwa nasevu, isipokuwa wasifu wa marehemu. Huo nilikuwa nauchapa, nauprinti, naufunga bila kuuhifadhi. Mtanicheka, lakini ile mashine ilikuwa inalala dukani peke yake, na mimi sikutaka wafu wa watu walale humo.

Kisha baba akafariki.

Wadogo zangu wa nyumba kubwa waliandika wasifu harakaharaka, wakaniletea mimi niuchape. Hebu fikiria ujasiri huo. Nikausoma nimesimama. Ndoa moja, ya kanisani. Watoto watano. Na mwishoni kabisa: "Pia ameacha binti mmoja." Binti mmoja, basi, kama nimeota tu shambani kama uyoga. Mama hakuwemo hata kwa herufi moja. Nikakunja ile karatasi, nikaenda mpaka msibani, nikawaambia wazi kwamba mimi hii sichapi, na atakayeichapa kwingine tutaonana mbele ya jeneza.

Jioni ukoo ukakaa kikao, wanaume watupu, sikuitwa. Asubuhi ya mazishi mdogo wangu fundi akanipigia simu. "Dada, wamekubali. Leta wa kwako, shangazi aseme ni kweli, utasomwa huo. Ila ufike kabla ya saa saba. Na uwe mfupi, dada, nakuomba." Mazishi yalikuwa saa nane. Nikamjibu, "Miaka arobaini mmemkalia kimya, halafu leo uwe mfupi?" Akasema haya, nitakavyoona mwenyewe.

Nilifungua duka saa moja na nusu. Shangazi akafika na mama kutoka Kikwe, kila mmoja na bodaboda yake. Mama akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaficha mikono ndani ya khanga. Alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi. Shangazi akavuta kiti kando yangu, akaanza kusimulia kwa Kimeru, mimi nachapa kwa Kiswahili. Alisimulia vizuri, bila kurukaruka. Baba alizaliwa pale juu kwenye kahawa, alichunga, akasoma mpaka darasa la nne, akabatizwa, akashuka Kikwe kulima. "Na mke wake wa kwanza ni huyu hapa," akasema, akimwonyesha mama kwa kidevu, "nilimleta mimi mwenyewe." Nikageuka kidogo. Mama alikuwa anaangalia barabarani, lakini nilijua anasikia kwa namna alivyokaa wima.

Saa tatu na nusu haijafika, shangazi alikuwa amemaliza. Akajifuta mdomo. "Basi. Printi twende zetu."

Ningeprinti. Ee Mungu wangu, ningeprinti! Lakini mimi ndiyo kwanza nilikuwa napata moto. Nikamwambia, "Shangazi, ngoja, bado," nikaanza kuongeza ya kwangu. Niliandika ule mwaka wa njaa ambao mama alipalilia shamba la baba huku baba anakula ng'ambo. Niliandika nilivyorudishwa nyumbani kwa kukosa sare, wakati wenzangu wa nyumba kubwa wana viatu na soksi. Niliandika siku ya ndoa ya kanisani, nani alikaa meza ya mbele na nani alikuwa jikoni anapika wali wa harusi ya mume wake. Ndiyo, mama alipika. Alipika sufuria mbili, na akaosha vyombo.

Nilitaka yasomwe hayo yote kwenye kipaza sauti. Nilitaka mjane wa nyumba kubwa ayasikie akiwa kiti cha mbele na nguo yake nyeusi ya kushonesha. Nilitaka wadogo zangu watafute pa kuweka macho wapakose. Shangazi alinitazama weee, kisha akauliza, "Huyu ni marehemu unamwandika, au unamshitaki?" Nikamjibu, vyote viwili. Vidole vyangu vilikuwa vinakimbia vyenyewe, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi namna ile maishani mwangu.

Saa tano na robo nilikuwa ukurasa wa tatu. Kisanduku kikachomoza pembeni, nikakibonyeza kiende zake bila hata kukisoma. Haikupita muda, maneno yangu yote yakaondoka. Skrini ikawa bluu, vidoti vinazunguka, na chini yake mashine inaniomba kwa Kiingereza nisiizime. Asilimia tatu. Asilimia tisa. Nilipiga meza mpaka stepla ikaanguka. Niliita jina la Mungu, nikaita na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Imelala?" shangazi akauliza.

"Imekufa," nikamwambia, "na leo itazikwa pamoja na kaka yako."

Nilimpigia mdogo wangu. Akawaacha wenzake wanachimba kaburi, akaja na pikipiki, udongo mpaka magotini. Ilikuwa saa sita kasoro, na mashine ndiyo kwanza inaamka. Akakaa kwenye kiti changu, akatafuta huku, akatafuta kule, akafungua sehemu ya mipangilio, akabaki anaiangalia. Kisha akainua macho akamwangalia mama pale mlangoni. Akaifunga ile sehemu upesi, akasema taratibu, "Dada, haipo. Tuandike upya. Muda bado upo."

Eti tuandike upya! Na kwa nini amefunga upesi vile? Anaficha nini? Hapo ndipo jibu liliponijia, na lilikuwa tamu kama asali. Nani aliyeileta kompyuta hii? Yeye. Nani anayejua siri zake? Yeye. Na mama yake ni nani? Ni yule wa kiti cha mbele.

"Mmekaa na ndugu zako mkapanga," nikamwambia. "Ulinitega tangu siku ile unajifanya kunisaidia. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Akasema, "Dada, hasira hasara."

Weee! Usimtolee methali mtu mwenye hasira. Nilimpasha mpaka watu wa duka la mbolea jirani wakatoka nje na vikombe vyao vya chai. Nilimpasha yeye, nikampasha mama yake, nikaenda mpaka kwa babu yake upande wa mama, ambaye sikuwahi hata kumwona. Yeye alisimama tu pale katikati ya duka na matope yake. Mara mbili aliniambia, "Saa saba inakaribia, dada." Mara mbili nilimwambia asinipangie saa. Shangazi alinivuta gauni, nikamtoa mkono. Mwishowe mdogo wangu akampungia mama mkono, akaondoka.

Basi sisi hatukwenda Kikwe na karatasi. Tulikwenda na mdomo wangu. Saa saba na nusu nilisimama mbele ya turubai, wazee wa ukoo wamekaa, mwili bado haujatolewa ndani, nikamnyooshea kidole mdogo wangu mbele ya mchungaji na kwaya. Nikasema huyu ameharibu wasifu wa baba yake kwa makusudi, ili mke wa kwanza asitajwe. Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza, "Karatasi yenyewe iko wapi?" Nikamwambia, muulize yeye. Mzee akageuka kwa mdogo wangu. "Hawa ndio watu uliotukalisha jana mpaka chakula kikapoa kwa ajili yao?" Mimi wakati ule hata sikuyatia maanani maneno yale, nilikuwa natafuta tusi la kuongeza.

Ukasomwa wasifu wa nyumba kubwa. Ndoa moja, watoto watano, pia ameacha binti mmoja. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, nyuma ya wapishi, ameinamisha kichwa mbele kidogo kama mtu mwenye masikio mazito anayejitahidi kusikia. Aliendelea kusikiliza hivyo mpaka msomaji akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, akakunja karatasi akaitia mfukoni. Mama naye akanyanyuka, akaenda kusaidia kupakua chakula.

Baada ya hapo nilikuwa na maadui wawili na muda wa kutosha.

Kompyuta nilianza nayo papo hapo. Niliikatia mtandao. Kila jioni niliigeuzia ukutani, nikaifunika kitambaa kibovu, na asubuhi sikuifuta vumbi. Najua ni chuma. Nilijua hata siku zile. Lakini niliona raha kuinyima kitu, chochote kile. Wiki mbili hazijaisha biashara ikanishinda, wateja wanataka kutuma maombi ya kazi, nikairudishia mtandao wake. Nayo ndani ya siku tatu ikanilipa: pap, saa saba mchana, katikati ya kadi za harusi. Kumbe na yenyewe ina visasi vyake! Nikanunua daftari la kurasa mia, nikaanza kuandika kila kosa lake, siku, saa, na kilichopotea. Nilisema, iko siku.

Mdogo wangu nilimfanyia kazi iliyo safi zaidi. Usa River kuna mashamba ya maua, kuna shule, kuna loji za watalii, na wengi wao walikuwa wakimpelekea kompyuta zao. Sikuzusha mengi. Mtu akiniuliza fundi mzuri, nilikuwa nahesabu chenji yake polepole, nasema, "Yule wa Sombetini? Aa, mimi simsemi ndugu yangu. Ila uwe makini na mafaili yako." Basi, sikuongeza neno. Maneno ya namna hiyo yanajiendea yenyewe. Walimu wakaambiana, wahasibu wa maua wakaambiana. Baada ya miezi sita nikasikia amerudisha fremu ya watu, siku hizi anatengeneza simu kwenye baraza la duka la mwenzake. Siku ile nilifungua soda baridi, nikainywa nimesimama mlangoni naangalia magari. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Alikuwa akinipigia simu. Nikiona namba yake naigeuza simu kifudifudi mpaka inyamaze.

Ulipokaribia mwaka, ukoo ukatangaza ibada ya kuweka msalaba kaburini. Nikaona hapo ndipo pa kummalizia: wazee walewale, turubai lilelile, ila safari hii nina ushahidi. Nikakaa na daftari langu dukani, asubuhi moja ambayo umeme ulikuwa umekatika, ili nipange makosa vizuri kwenye karatasi safi. Nikaanza kuyanakili. Saa saba mchana. Saa tano na nusu. Saa tisa. Saa sita na robo. Saa kumi. Nikasimamisha kalamu. Katika makosa yote yale hapakuwa na hata moja la saa mbili asubuhi, wala saa tatu, wala saa nne. Yote yalikuwa baada ya saa tano. Mwizi gani huyu mwenye ratiba? Nilifurahi mpaka nikasimama. Nikasema nimemkamata, ameiwekea muda, na mkono wake lazima uko humo ndani.

Umeme uliporudi nikafungua mipangilio ili niupate huo mkono, niupige picha, niuprinti kwa rangi. Nikapekua mpaka nikafika mahali pa saa za kazi, zile ambazo mashine hairuhusiwi kujizima. Palikuwa pameandikwa 02:00 mpaka 11:00.

Nilikaa chini.

Hizo saa hakuziandika yeye. Nakumbuka vizuri siku aliyoifunga ile kompyuta. Kila kitu kilikuwa tayari, akaniambia, "Hapa dada jaza mwenyewe muda wa kufungua na kufunga duka, isije ikakusumbua ukiwa kazini," akatoka kwenda kutafuta waya. Nami nikajaza kama nilivyoandika kwenye kibao cha mlangoni, saa mbili mpaka saa kumi na moja. Saa ya kompyuta naijua, naiangalia kila siku, ikisema nane najua ni saa mbili. Lakini pale niliulizwa duka langu linafunguliwa saa ngapi, nikajibu kama ambavyo ningemjibu mteja aliyesimama mbele yangu. Mashine ikaniamini. Kwa akili yake, mimi nilikuwa nafungua duka saa nane usiku na kufunga saa tano asubuhi, na baada ya hapo nimeenda zangu nyumbani, ifanye inalotaka. Ruhusa niliitoa kwa kidole changu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilitafuta njia ya kuligeuza lile jambo limwangukie mtu mwingine. Nilijaribu kweli. Nililaumu waya aliokwenda kutafuta, kwamba angebaki angeniona. Nikalaumu Wazungu na saa zao. Ilipofika jioni nilikuwa nimebaki na jina moja tu, nalo ni langu.

Kwetu mtu haendi kuomba radhi peke yake, kwa hiyo nilimchukua shangazi, tukaenda Sombetini. Tulimkuta barazani, meza ndogo, mwavuli juu, ameinamia simu ya mtu na bisibisi. Akaiweka chini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba."

Kwangu akasema, "Karibu dada," akanivutia kreti la soda nikalie. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Nilitamani anitukane, tuwe sawasawa. Nikamweleza yote, mwenye simu akisikia, na wapita njia wakisikia, maana nilivyomchafua hadharani niliona aibu kumsafisha kwa kunong'ona.

"Nilijua," akasema. "Niliziona zile saa siku ileile."

"Na hukusema?"

"Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni, dada. Ningesemaje, kwamba mwanawe ndiye aliyemfuta?"

"Ungeniambia baadaye."

"Baadaye ulikuwa hupokei simu zangu."

Nikamwomba aje kwenye ibada ya msalaba, asimame yeye, amtaje mama. Kule kikaoni si ndiye aliyewakalisha wazee mpaka wakakubali? Alitabasamu kidogo, na hakukuwa na ubaya katika tabasamu lile, jambo lililonikata zaidi. "Mimi? Mimi si ndiye ninayeiba mafaili ya watu? Nani atanisikiliza?" Shangazi akasema yeye alishawauliza wazee, wamemjibu kwamba wasifu husomwa mara moja, mtu akishazikwa hazikwi tena. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Kisha akaomba samahani, akarudia simu ya mteja wake, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri na siku hizi wateja wake si wengi.

Njiani nilijaribu kumchukia tena, nikakosa pa kushika. Kwa mwaka mzima chuki ile ndiyo iliyonifanya niamke.

Nilishukia Kikwe. Mama alikuwa amekaa nje na ungo, anachambua maharage. Nikakaa chini mbele yake, nikamwambia, "Mama, hakuwa yeye. Ni mimi." Nikamweleza habari ya saa, mbili ya mashine na mbili yetu, kumi na moja ya mashine na kumi na moja yetu. Nilieleza nalia. Nikamwambia kompyuta ilimfuta kwa sababu nilikosea kuijaza, na jina lake halitasomwa tena, na kosa ni langu mimi kwa zile namba mbili.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kompyuta hajawahi kuielewa na hakujisumbua kuanza siku ile.

"Hayo ya saa mimi siyajui," akasema. "Ninachojua, shangazi yako alimaliza kusema mapema sana. Halafu yule mtoto akaja, akasema muandike upya. Nikasema moyoni, sasa ataandika. Nilikuwa nasubiri mstari mmoja tu."

"Mama, mashine ilikuwa ndiyo kwanza inawaka, ningeandika na nini..."

Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa pembeni.

"Mwanangu," akasema, "wewe unauza kalamu."